Bwana Mhariri, hata sisi tuandike mvua yetu

Bwana Mhariri,

Salamu kutoka Goma, Kongo, kartie (mtaa) ya Katindo. Mimi si mwandishi, ni fundi wa matole, yaani mabati, nafunga paa na gutiere, ile mifereji ya bati inayoshusha maji ya mvua kwenye bidoni (madumu), kwa hiyo mahali nimekosea utanyoosha mwenyewe. Naandika juu ya barua ya msomaji mmoja uliyoitoa juma lililopita, yule aliyesema haya maneno ya hali ya hewa kubadilika ni uongo wa wazungu wa kutafutia pesa za miradi, na ushahidi wake eti Marekani theluji inaanguka kuliko zamani, sasa dunia ingekuwa inapata joto hiyo theluji ingetoka wapi. Ile barua ilisomwa kwa sauti pale tunapokunywa chai, karibu na rompwe (mzunguko wa barabara) ya Chukudu, watu wakacheka wakampa haki. Mimi nilinyamaza, nilikuwa na mkate mdomoni na kusema kweli sikuwa tayari kubishana na watu kumi, lakini nimekaa na hiyo maneno siku nne na imekataa kutoka kichwani, manake mdogo wangu anaishi ndani ya hiyo hiyo theluji na kwa yeye njo nilijifunza kwamba mambo iko kinyume.

Mdogo wangu alifika Buffalo, jimbo la New York, mwaka 2016 akitokea kambini Uganda. Wakongomani wako wengi pale, hata fufu na sombe (majani ya muhogo) anapata, tena sombe ya frigo, ngumu kama jiwe la lava. Buffalo ni mji wa kando ya ziwa kama sisi. Ziwa linaitwa Erie na mji umekaa pale ziwa linapomwagikia mto Niagara, kwa hiyo ukitaka ukweli unafanana na Bukavu kuliko Goma, si Bukavu njo iko pale mto Ruzizi unapotokea ziwa letu la Kivu, na huko kama huku watu walipoona maji yanateremka kwa nguvu wakatega umeme. Lakini kufanana kunaishia hapo. Kivu yetu inashuka karibu meta 485, Erie mahali pake pa shimo kabisa ni meta 64, na kwa wastani ni meta 19 tu, yaani nguzo mbili za umeme ukizipanga moja juu ya nyingine unakaribia kugusa chini. Halafu ni pana, karibu mara kumi ya Kivu. Ni kama sahani. Maji ya kwenye sahani unajua mwenyewe, yanapata joto haraka na yanapoa haraka, ndiyo maana katika yale maziwa makubwa matano ya kule, Erie njo linakuwa la mbele kuganda.

Nilianza kujali haya mambo usiku wa tarehe 23 mwezi wa 12, mwaka 2022. Huku tulikuwa tunajitayarisha kwa Noeli, mke wangu ametuma mtoto kutafuta sambaza, vile visamaki vya ziwa, telefone ikalia. Mdogo wangu. Akaniambia, "Yaya," njo anavyoniita mimi mkubwa wake, "mlango inakataa kufunguka." Nikafikiri kufuli imeharibika, mimi fundi nikaanza kumpa mashauri, chukua kisu, ingiza hapa, kumbe theluji imekuja imekaa kwa nje mpaka kiunoni na upepo unaendelea kuisukuma. Akaweka telefone kwenye kioo cha dirisha ili nisikie. Sijui niseme sauti ile ilifanana na nini, ilikuwa kama lori inayopanda mlima bila kufika. Umeme ulikatika, shofaji, ile mashine ya kupasha nyumba joto, ikakatika nayo, wakalala wote sita kwenye chumba kimoja wamevaa majaketi na viatu. Muda ule wa upepo mkali na giza nyeupe ulihesabiwa pale kwenye uwanja wa ndege, masaa 37 yakifuatana, na theluji ilipofika mwisho ilikuwa zaidi ya sentimeta 130. Watu zaidi ya 40 walikufa katika wilaya ile peke yake, wengine ndani ya gari zao, wengine ndani ya nyumba zao kwa baridi, wengine kwa kukosa ambulansi, manake ambulansi zenyewe zilikwama. Marekani hiyo hiyo, Bwana Mhariri.

Sasa msomaji wako angesikia hiyo angesema si unaona, baridi imezidi. Pole pole. Ngoja nieleze vile theluji ya Buffalo inatengenezwa, nimeelezwa na mdogo wangu mpaka nikachoka na nimeuliza maswali ya kijinga yote kwa niaba yenu.

Mwezi wa 11 na wa 12 upepo wa baridi kali unashuka kutoka Kanada. Ni upepo mkavu. Unafika unatambaa juu ya ziwa kwa urefu wake wote, karibu kilometa 390, na maji ya ziwa wakati ule bado yanakumbuka joto la kiangazi. Asubuhi ya baridi ukifunua sufuria ya maji ya kuoga, si unaona vile mvuke unaruka? Basi upepo unabeba ule mvuke njia nzima, ukikanyaga nchi kavu unautupa, na kwa sababu ya baridi unaanguka kama theluji. Na hautupi kila mahali, unautupa kwa mstari mwembamba kama mkanda wa suruali, kartie moja inazikwa na kartie nyingine watu wanaona jua. Mwezi mmoja tu kabla ya hiyo dhoruba ya Noeli, mwezi wa 11 wa 2022, mji mdogo wa Orchard Park pale pembeni ya Buffalo ulipata karibu meta 2 ndani ya siku chache, lakini upande wa kaskazini, anapokaa mdogo wangu, walipata sehemu ndogo tu ya hiyo.

Kwa hiyo kiwanda cha theluji ni maji yasiyoganda. Ziwa likishajifunika na barafu, sufuria imepata kifuniko, mvuke unakatika, na ile theluji ya ziwani inapungua sana. Hapo njo msomaji wako alitelezea. Yeye anafikiri theluji nyingi ni baridi nyingi. Kumbe saa ingine theluji nyingi ni ziwa lililochelewa kuganda.

Niko na mifano miwili na yote miwili inaangukia miaka ambayo mtu wa Goma hawezi kusahau. Tarehe 10 mwezi wa kwanza 1977 volkano yetu, Nyiragongo, ilipasuka, lile ziwa lake la moto likamwagika lote kwa muda usiofika saa moja, wazee wanaikumbuka. Mwezi ule ule, tarehe 28, Buffalo ikapigwa na dhoruba ambayo mpaka leo mzee wa kule ukimtajia theluji anaanzia pale. Mwaka ule baridi iliwahi kuliko kawaida, Erie ikawa imeganda tangu tarehe 14 mwezi wa 12, kiwanda kimefungwa. Na kweli theluji mpya iliyoanguka siku za dhoruba yenyewe haikuwa ya ajabu, kama sentimeta 30. Iliyozika mji ni theluji ya zamani, ilikuwa imelala juu ya barafu ya ziwa majuma na majuma, upepo ukaichota ukaimwaga mjini mpaka ikafika kwenye paa za nyumba. Watu 29 walikufa. Ile ilikuwa theluji ya baridi, ile naikubali.

Mwaka wa pili ni 2002. Sisi tunajua tulikuwa wapi tarehe 17 mwezi wa kwanza, lava ikipita katikati ya mji mpaka ziwani. Kwa wao, ile baridi ya kutoka 2001 kuingia 2002 ilikuwa ya joto ajabu, ukichukua maziwa makubwa yote matano pamoja barafu ilipofika mwisho wake ilifunika karibu 12 kwa mia tu, kati ya kiasi kidogo kabisa tangu waanze kuipima vizuri 1973. Ukisikia hivo utasema basi mwaka ule watoto wa Buffalo hawakuona theluji. Kuanzia tarehe 24 mpaka 28 mwezi wa 12 wa 2001, siku tano za Noeli, mji uliangukiwa na zaidi ya meta 2. Ziwa lilikuwa wazi, maji yana joto, upepo wa baridi ukaja mara moja ukakuta sufuria haina kifuniko. (Tafadhali mtu asianze kusema volkano yetu inafuata theluji ya Buffalo, nawajua watu wa kartie yetu ya Birere, kufika jioni itakuwa imeshakuwa ujumbe wa watsapu.)

Na 2006 theluji ilianguka kule mwezi wa 10, tarehe 12 na 13, wakati miti bado iko na majani yake yote. Mdogo wangu hakuwepo lakini wenyeji wanamsimulia zile kelele za usiku, matawi yakivunjika moja moja kwa uzito kama mtu anapiga bunduki, na yakivunjika yanaanguka na nyaya za umeme.

Sisemi kila theluji inatoka kwa joto, hapana, na wataalamu wa kule wenyewe wanasema hii haitakuwa ya milele, joto likizidi kupanda itafika siku upepo wenyewe hautakuwa baridi ya kutosha, na kile kitakachoshuka kitakuwa mvua. Ninachosema ni kwamba huwezi kuchukua habari moja ya theluji ukaifanya jibu. Hata barafu ya yale maziwa inarukaruka vibaya. Mwaka 1979 ilifunika zaidi ya 94 kwa mia. Mwaka 2014 ilirudi ikapita 92, na nina hakika kuna watu mwaka ule waliandika barua kama ya msomaji wako. Halafu 2024 ilikuwa kidogo sana tena. Ukiangalia mwaka mmoja unaweza kusema chochote unachotaka, ukiangalia miaka hamsini unaona mstari unateremka, taratibu, kama paa iliyofungwa na fundi mbaya, kwa macho unaona imenyooka lakini mimina maji utaona yanaenda upande gani.

Tena kuna kichekesho. Mwaka 2019 meya wa Buffalo, Byron Brown, alitangaza kwamba mji wake utakuwa kimbilio la watu wanaokimbia hali ya hewa, manake kule maji matamu ni mengi na joto si la kuua, ziwa linapooza mji, kipimo cha juu kabisa walichowahi kuandika ni digrii 37 mwaka 1948. Hakusema ujinga, ukilinganisha na miji ya kusini inayochomeka. Miaka mitatu baadaye ile Noeli ikaja. Mdogo wangu aliniambia, "Yaya, mimi kila nafasi nakimbilia banasema iko kimbilio." Alikuwa anacheka. Yule alikimbia lava akiwa mtoto, akakimbia vita akiwa kijana, ana haki ya kucheka.

Lakini jambo lililonifanya nichukue kalamu liko pengine. Nilimuliza, hawa watu wanajuaje? Nani alikuwa anaangalia mwaka 1948, nani anajua barafu ilishika tarehe 14 na si tarehe 20? Akaniambia wanaandika. Kila siku. Tangu miaka ya 1870. Mwanzoni walioandika walikuwa askari wa jeshi, serikali iliwapa hiyo kazi na telegrafu ya kutumia habari, sababu meli nyingi zilikuwa zinazama kwenye yale maziwa kwa dhoruba na wenye meli walichoka kulia. Nilipenda sana hiyo. Askari asubuhi anaamka, anasoma joto, anasoma upepo, anapima mvua, anaandika, anatuma, basi. Kesho tena. Hata joto la maji ya ziwa wanaliandika tangu 1927, kwa kina kile kile, karibu meta 9. Hakuna mtu pale aliyejua kwamba mjukuu wa mjukuu wake atatafuta hizo namba ili kujua kama dunia inapata moto. Waliandika sababu ilikuwa kazi.

Na hata wao hawaamini kaye zao, yale madaftari, bure bure. Kwenye miaka ya 1940 kipimo kilihamishwa kutoka mjini karibu na ziwa kikapelekwa uwanja wa ndege, ndani zaidi ya nchi, na pale hewa si ile ile, theluji si ile ile. Kwa hiyo anayehesabu lazima ajue kwamba hapa katikati mtu alibeba termometa akahama nayo, asije akasema hali ya hewa imebadilika kumbe ni ofisi iliyobadilika. Jambo kama hilo kwa kichwa cha mtu huwezi kulitunza, linataka karatasi.

Sasa turudi nyumbani. Marehemu baba alikuwa karani kwenye plantasio moja ya kahawa upande wa Rutshuru. Kuanzia 1961 mpaka zairianizasio ilipofika, ile ya serikali kuchukua mali za wageni, plantasio ikabadilisha mwenyewe na kazi ikafa, baba alikuwa anapima mvua kila siku saa kumi na mbili asubuhi. Kilikuwa kitu kama kikombe kirefu cha bati kwenye nguzo, na kigilasi chembamba chenye mistari. Anamimina, anainama mpaka jicho liwe sawa na maji, anaandika. Siku isiyo na mvua anaandika sifuri na kuikata mstari katikati ili mtu asije akaigeuza kuwa sita. Kaye zilikuwa kumi na kitu, alizitunza kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, tulikuwa tunahama nazo. 2002 tulikuwa tunakaa Birere. Siku ya kukimbia baba alibeba radio, mama akabeba sufuria na godoro, mimi nikabeba mdogo wangu mgongoni, yule yule wa Buffalo. Sanduku hakuna aliyelikumbuka, hata baba mwenyewe. Tuliporudi lava ilikuwa imekaa pale kwa urefu wa dirisha, bado ina moto ukimwagia maji inalia. Baba alisimama akaangalia, akasema, "Kaye zangu." Hakusema nyumba.

Mimi wakati ule niliona ni uzee. Leo natamani hizo kaye kuliko hiyo nyumba.

Manake angalia tunavyobishana hapa. Mimi kwa kazi yangu nasema mvua ya Goma imebadilisha tabia. Zamani ilikuwa inanyesha pole pole masaa mengi, siku hizi inakaa, inakaa, halafu inakuja kwa hasira, inamwaga yote kwa nusu saa. Gutiere nilizofunga miaka ya nyuma wateja wananiita eti fundi umetuibia, maji yanaruka juu ya mfereji yanaenda kwa jirani, na kweli nikienda naona mfereji ni mzima, ni maji yamekuwa mengi kwa mara moja. Sasa nafunga mipana zaidi na mwinamo mkali. Na kiangazi, ule mwezi wa 6, wa 7 na wa 8, kwangu naona mwisho wake hauaminiki tena, mvua ya mwezi wa 9 saa ingine inawahi saa ingine inagoma. Lakini jirani yangu ni fundi masoni, wa kujenga kuta, yeye anasema ni uongo, mvua ni ile ile, ni nyumba zimekuwa nyingi na matole yamekuwa mengi ndiyo maana maji yanaonekana mengi. Na unajua nini, anaweza kuwa na haki! Mji huu ulikuwa mdogo, leo umejaa mpaka kwenye mguu wa volkano. Nani atatuhukumu? Mimi niko na kumbukumbu zangu, yeye ana zake, na bia mbili zikipita kumbukumbu zote zinanenepa.

Najua Lwiro na Mulungu, upande wa Bukavu, kuna vituo vya utafiti vya tangu enzi ya Wabelgiji vilivyokuwa vinapima mvua, hiyo ni mali kubwa. Lakini mvua ya Lwiro si mvua ya Goma. Hata mvua ya Katindo si ya Kibati, ukipanda kidogo upande wa Nyiragongo unakuta barabara imelowa na huku vumbi. Milima inagawa mvua kwa upendeleo, na ziwa nalo lina siasa yake, waulize wavuvi wa sambaza wanaolala kwenye maji watakuambia radi ya usiku inaanzia wapi.

Mwaka 2023, mwezi wa 5, Bushushu na Nyamukubi kule Kalehe zilisombwa na mafuriko, zaidi ya watu 400 walikufa, soko lilikuwa limejaa. Hapa tulibishana juma nzima. Mmoja anasema mvua ya namna hiyo haijawahi, mzee mmoja anasema ilikuwepo alipokuwa kijana ila milima ilikuwa na miti. Tulibishana juu ya maiti bila namba hata moja mkononi. Mimi ile siku niliona haya.

Basi nimeanza. Usicheke. Nilichukua kopo la maziwa ya unga, lile kubwa lenye ukuta ulionyooka juu mpaka chini, hiyo ndiyo siri yake, likiwa limepanuka juu na kubana chini linakudanganya. Nikalifunga kwenye kigongo katikati ya parsela (kiwanja) yetu, mbali na paa na mbali na muparachichi. Asubuhi naingiza rula ya mtoto ya shule, nasoma milimeta, naandika. Mara ya kwanza nililiweka karibu na ukuta, likapokea maji ya tole, siku moja likajaa lote nikaenda mbio kwa jirani kumwambia unaona, unaona, akaangalia juu, akaniuliza mimi ni fundi wa nini. Nikalihamisha. Nikaandika kwenye kaye kwamba limehamishwa, tarehe na sababu, kama wale wa Buffalo. Halafu mtoto akalimwaga akitafuta maji ya kunawa. Halafu kuku. Siku tatu sikuwa na namba, na hapo ndipo nilielewa jambo moja ambalo baba hakuwahi kunieleza, au alinieleza sikusikia: siku ambayo hukupima huwezi kuandika sifuri. Sifuri ni kusema mvua haikuja. Hizo siku tatu nimechora mstari na kuandika "kuku".

Na kwa wale wasiotaka kopo, paa yako mwenyewe ni kipimo, hii nawapa bure kama fundi. Milimeta moja ya mvua ni lita moja kwa kila meta ya mraba. Ukiwa na paa ya meta za mraba 40 na imenyesha milimeta 10, zimeshuka lita 400, yaani bidoni ishirini za lita 20. Hutazipata zote ishirini, nyingine inaruka, nyingine inabaki kwenye tole, lakini kila mama wa Goma asiye na robine (bomba la maji) anajua usiku wa jana ulimpa bidoni ngapi, anajua kuliko mtu yeyote, ni kwamba haandiki. Mke wangu ananiambia usiku bila kutoka nje, kwa kusikia tu tole linavyolia, "hii ni ya bidoni nane", na mara nyingi haachani mbali na kopo.

Sasa ombi langu, Bwana Mhariri. Kwenye gazeti lako kuna bei ya dola, kuna bei ya makala ya kupikia (mkaa) na ya maharagi, kuna timu zimefungana ngapi. Nitafutie nafasi ndogo ya vidole viwili, kila juma, mvua ya Goma. Nitaleta mwenyewe, bila pesa, Jumatatu nikipita kazini. Ningependa zaidi tukiwa wengi, mtu mmoja Ndosho, mmoja Himbi, mmoja Majengo, mmoja kule Kibati, shule nayo ikitaka, kopo si pesa. Na yule msomaji wa theluji namkaribisha wa kwanza, simkasirikii, akipima mwaka mzima kisha akaniambia hakuna kilichobadilika tutaweka kaye zake karibu na zangu tuangalie. Mwaka mmoja hautoshi, najua, hata kumi ni kidogo. Niko na mpwa wangu wa miaka kumi na mbili, nimemfundisha kuinama mpaka jicho liwe sawa na maji, na sifuri anaikata katikati. Na kila mwisho wa mwezi tunapiga picha ya ukurasa tunamtumia mdogo wangu Buffalo aiweke, manake hapa na mlima huu huwezi kujua.

Ya kuanzia ni hii. Usiku wa kuamkia leo, Katindo, milimeta 11. Ilianza kama saa nane za usiku ikaacha kabla ya adhana, upepo ulitoka upande wa ziwa. Mke wangu alisema bidoni kumi na nane, zilijaa kumi na saba na nusu.

Msomaji wako,
fundi wa matole, Katindo, Goma